Neno "Pamoja" na Kazi ya Jeki: Uhakiki wa Msamiati wa Kuinua

Lugha yaweza kuwa na maneno mengi ya kazi moja, na bado ikapungukiwa na neno la jambo lile ambalo kazi yenyewe husimama juu yake. Hali hiyo yaonekana wazi katika msamiati wa Kiswahili wa kuinua vitu vizito. Vitenzi ni vingi: inua, nyanyua, tweka, twika, kweza, pandisha. Vyombo navyo vina majina yake: wenzo, mtaimbo, roda, kapi, winchi na jeki. Lakini mtu atakiwapo aeleze jinsi jeki nne, au kumi, au mia, zinavyopangwa chini ya mzigo mmoja na kuendeshwa hata mzigo ukapanda bila ya kuinamia upande wowote, aghalabu husema tu kwamba jeki hizo "zainua kwa pamoja". Makala haya yachunguza usemi huo, yaonyesha upungufu wake, kisha yapendekeza neno jingine ambalo limo katika lugha tangu zamani, ijapokuwa limekuwa likitumika katika kazi nyingine.

Mahali pafaapo kwa uchunguzi wa namna hii ni Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Huko Kisukuma, Kinyamwezi na Kisumbwa ndizo lugha za nyumbani kwa watu wengi, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya ofisi na ya karakana. Reli ya kutoka Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, yapita Isaka, jirani na mji huo. Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001; ule wa Buzwagi ulianza mwaka 2009 na ukafungwa mwaka 2021. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo katika nchi hii ya pamba, mpunga na ng'ombe, mmeongezeka kazi za behewa lililoacha reli, kinu cha kusagia mawe kitakiwacho kubadilishwa fani zake, tangi lililotitia, na lori lililovunjika ekseli. Kazi zote hizo zataka kuinua, na wengi wa wazifanyao huamrishana kwa Kiswahili. Hapa basi msamiati wapimwa kwa chuma, wala si kwa karatasi peke yake.

Yafaa kwanza kutazama maana ya asili ya vitenzi vyenyewe. Twika ni kumwekea mtu mzigo kichwani au mabegani, na tua ni kuuweka chini. Vitenzi hivi viwili vyatoka katika shina moja la Kibantu, na vyote vyahusu mzigo mmoja na mchukuzi mmoja. Tweka ni kupandisha tanga. Foromali huvutwa juu kwa henza, na hata wavutao wakiwa ishirini, nguvu zao zote hukusanyika katika kamba moja. Inua nacho kina ukoo wa kuangaliwa. Kinahusiana na inama na inika. Kiishio cha -ua hapa chageuza maana, kama vile fungua ilivyo kinyume cha funga. Mzigo ulioinuliwa, kwa mujibu wa shina hili, ni mzigo ulioondolewa katika hali ya kuinama. Lugha yenyewe, basi, yaeleza kwamba kuinua na kuinamisha ni ndugu wa karibu, na kwamba kosa dogo hugeuza moja kuwa nyingine. Hata hivyo, katika vitenzi hivi hakuna hata kimoja kinachotaja mzigo uinuliwao katika pembe nyingi mara moja. Msamiati wa zamani wahesabu mikono. Hauhesabu mahali ambapo mzigo umeshikwa.

Upungufu huu haukuwa na madhara maadamu mikono mingi ilivuta kamba moja. Harambee, mwito wa watu wavutao au wainuao kitu kizito, ulitosha kabisa kwa kazi hiyo. Mwito kama huo huwaambia watu jambo moja tu, yaani wakati wa kutia nguvu. Anayetia nguvu zaidi ya mwenziwe hamdhuru mtu; kamba yapokea nguvu zote na kuzijumlisha. Jomo Kenyatta alipoufanya mwito huo kuwa wito wa taifa la Kenya mwaka 1963, alichagua picha iliyo sahihi kwa maana aliyoitaka: kila mmoja atoe awezacho, na jumla yake itakuwa kubwa. Baadaye neno likasogea zaidi, na leo, Tanzania na Kenya, harambee kwa wengi ni mchango wa fedha. Hapo pia kanuni ni ile ile ya kujumlisha, kwa kuwa atoaye zaidi husifiwa zaidi.

Kazi ya jeki haina kanuni hiyo. Jeki ya parafujo ni chombo ambacho nguvu ya kuzungusha hugeuzwa kuwa mwendo wa kupanda. Kila mzunguko mmoja wa parafujo hupandisha mzigo kwa kimo kile kile, kimo cha hatua moja ya hesi, mzigo uwe mwepesi au mzito. Kama hatua ya hesi ni milimita 12, na mzungushaji ashika mtaimbo sentimita 60 kutoka katikati, basi mkono wake hutembea karibu milimita 3,770 ili mzigo upande milimita 12. Kwa hesabu tupu nguvu yake yaongezeka mara 314. Msuguano hula sehemu kubwa; tuseme imebaki asilimia 30, basi yaongezeka kiasi cha mara 94, na mtu mmoja asukumaye kwa uzito wa kilo 62 aweza kuinua karibu tani 5.8. Msuguano huo huo ulao nguvu ndio pia ulinzi: hesi ikiwa na mteremko mdogo, mzigo hauwezi kuizungusha parafujo kurudi nyuma, nao hukaa pale ulipoachwa hata mikono ikiondolewa. Chombo cha namna hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya kazi itiwayo, na hasara hiyo ndiyo bei ya usalama.

Sasa ziwekwe jeki nne chini ya behewa la tani 40, moja kila pembe. Fungu la kila moja ni tani 10. Lakini kitu kigumu chaweza kusimama kwa nguzo tatu, na hata kwa kitambo kidogo juu ya mbili zilizo katika pembe zinazokabiliana. Ikiwa wazungushaji wa pembe mbili za namna hiyo watawatangulia wenzao, hata kwa kimo kidogo, mzigo wote utakwenda kwao: tani 20 kila jeki, na zile mbili nyingine zimebaki kugusa tu. Aliyetia bidii zaidi hakuisaidia kazi. Amechukua mzigo wa mwenziwe bila ya kuombwa, ameivusha jeki yake mpaka wa uwezo wake, na ameliacha behewa likiwa kama ubao wa bembea. Wakati huo wote, mtu angeweza kusema kwa haki kwamba wanne hao "wanainua kwa pamoja".

Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki huu. Usemi "kwa pamoja" wabeba maana tatu ambazo lugha haijazitenganisha. Maana ya kwanza ni ushirika: kazi ni ya wote. Ya pili ni wakati: wote waanze mara moja na wakome mara moja. Ya tatu ni kimo: pembe zote ziwe zimepanda sawa katika kila hatua ya kazi. Amri "Inueni kwa pamoja" yaweza kutiiwa kwa maana ya kwanza na ya pili, na bado ikavunjwa kwa maana ya tatu, ambayo ndiyo pekee ilindayo uhai wa aliye chini ya mzigo. Neno linaloweza kutiiwa na kuvunjwa kwa kitendo kile kile halifai kuwa neno la amri.

Maneno mengine yaliyo karibu hayakutoa msaada mkubwa. Sawia lahusu wakati peke yake. Sanjari lilikuwa neno la vyombo viendavyo kwa kufuatana. Mmoja yu mbele na mwingine yu nyuma, na hilo ndilo hasa lisilotakiwa. Sambamba lilikuwa na matumaini zaidi, kwa sababu lina maana ya mistari iendayo bega kwa bega isikutane. Bahati mbaya magazeti na hotuba zimelichosha. "Sambamba na hayo" siku hizi ni sawa na "pamoja na hayo", na neno lililokuwa na kipimo limegeuka kuwa kiungo cha sentensi. Ndivyo ilivyolipata jeki lenyewe. Katika usemi wa siku hizi, "kupiga jeki" ni kuunga mkono au kuongezea nguvu: kupiga jeki elimu, kupiga jeki kilimo. Picha iliyomo ni ya motokaa moja, gurudumu moja na jeki moja, na fasili iliyozoeleka ya jeki, kwamba ni chombo cha kuinulia vitu vizito, hasa motokaa, yaishia hapo hapo. Anayepiga jeki pembe moja ya motokaa ainamisha pembe nyingine, na kwa kubadilisha gurudumu hilo si kosa. Lakini picha hiyo ikizoewa, mtu husahau kwamba iko kazi ya jeki ambayo ndani yake kuinua pembe moja peke yake ni hatari.

Ushahidi wa nyimbo za kazi nao wataka kutazamwa upya. Usukuma na jirani zake wana utajiri mkubwa wa nyimbo za kulima; Frank Gunderson alitoa mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, na mtu yeyote atakaye kujua jinsi sauti inavyoongoza mikono hana budi kukitazama. Katika kuzisifu nyimbo hizi, wahakiki wengi huishia kwenye umoja na hamasa. Sifa hizo ni za kweli, lakini wimbo wa jembe una kanuni yake. Wakulima husimama safu, ngoma hupigwa, majembe hupanda na kushuka kwa pigo moja. Hata hivyo, atanguliaye safu haharibu shamba. Kinyume chake, mashindano ni sehemu ya uzuri wa jambo lenyewe, kama ilivyo katika ushindani mashuhuri wa Bagika na Bagalu. Wimbo walinganisha wakati, na waacha nafasi kwa shujaa. Ukichukuliwa kama ulivyo na kupelekwa chini ya behewa, utamtia moyo mtu mmoja ajitokeze kuwashinda wenziwe, na ushindi wake utakuwa msiba. Kwa hiyo mhakiki asemaye kwamba nyimbo za kazi zafundisha "kufanya kazi kwa pamoja" hana budi kuulizwa: kwa pamoja kwa maana ipi?

Si kwamba utamaduni haukuwa na mfano wa maana ya tatu. Jeneza huchukuliwa na watu katika pembe nne, na wachukuzi hupangwa kwa vimo. Mrefu hawekwi mbele peke yake, na mwendo wao ni wa taratibu ili maiti asiyumbe. Hakuna asifiwaye kwa kuinua pembe yake juu zaidi. Nidhamu hiyo yajulikana na kila mtu, ila haikupewa jina lililotoka nje ya mazishi.

Mifano ya mbali yathibitisha kwamba nidhamu hii yaweza kukuzwa hadi kiwango cha ajabu. Mji wa Chicago, Marekani, ulijengwa juu ya ardhi ya maji maji, na katika miaka ya 1850 na 1860 majengo yake mengi yaliinuliwa ili mifereji ya maji machafu ipate nafasi. Mwaka 1860 safu ya majengo ya matofali na mawe katika barabara ya Lake, yenye urefu wa kiasi cha mita 98 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 35,000, iliinuliwa kwa jeki za parafujo 6,000 na watu 600. Katika siku tano ilipanda kiasi cha mita 1.4, na biashara ndani yake hazikufungwa. Kwa wastani kila mtu alikuwa na jeki kumi, na kila jeki ilibeba tani 5.8. Katika kazi kama hiyo shujaa hana mahali. Thamani ya mtu yamo katika kuzungusha kiasi kile kile alichozungusha mwenziwe asiyemwona, kisha kungoja.

Siku hizi mikono imepokewa na mota, na njia za kuziendesha jeki ni mbili kuu. Katika ya kwanza, mota moja huzungusha jeki zote kwa shafti na giaboksi zilizopangwa baina yao. Jeki moja haiwezi kuitangulia nyingine, maadamu hesi na gia zao ni sawa na shafti hazijakatika, kwa sababu chuma kimezifunga. Katika ya pili, kila jeki ina mota yake, na chombo cha umeme huhesabu mizunguko ya kila moja. Tofauti ikizidi kiasi kilichowekwa, zote husimama. Njia hii ya pili ndiyo itumikayo sana katika karakana za reli, ambako jeki hupangwa pande mbili za behewa na kuongozwa na mtu mmoja. Ukiziweka njia hizi kando ya kazi ya mikono, zaonekana aina tatu za kulinganisha: kwa sauti, kwa kiungo cha chuma, na kwa hesabu. Zote tatu hutafuta jambo moja, nalo si wingi wa nguvu.

Jambo hili ladhihirika zaidi jeki ya parafujo inapofananishwa na jeki ya mafuta. Jeki kadhaa za mafuta zikiunganishwa kwa mpira mmoja na pampu moja, kinacholingana ndani yake ni kani ya mafuta, si kimo. Upande mwepesi hupanda kwanza, na mzito hubaki chini. Jeki za parafujo zikifungwa kwa shafti moja, kinacholingana ni kimo, hata kama mizigo yatofautiana. Vyombo hivi viwili huitwa jeki, vyote viwili husemwa kwamba "vyainua kwa pamoja", na vyatenda mambo yanayopingana. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi afundishwaye kwa usemi huo mmoja hakufundishwa lolote.

Neno lililopendekezwa hapa ni urari. Wasomi wa ushairi walijua vema, kwa kuwa wanapohakiki shairi la arudhi hutaka urari wa vina na mizani. Wenye kushughulika na hesabu za fedha nao walijua katika urari wa malipo. Katika matumizi yote mawili, urari ni kulingana kwa sehemu zilizowekwa mahali mbalimbali, kulikopimwa kwa kuhesabu. Mshororo wenye mizani tisa kati ya yenye minane haukuwa bora kwa wingi wa mizani zake, umeharibu ubeti. Hiyo ndiyo kanuni ya jeki hasa. Amri ingekuwa: "Inueni kwa urari", na maana yake isingeweza kukosewa na mtu aliyesoma hata ubeti mmoja shuleni. Kutoka hapo maneno mengine yafuata bila ya kulazimishwa: urari wa jeki ni hali ya jeki kulingana katika kimo, kupoteza urari ni pembe moja kutangulia au kuchelewa, kidhibiti urari ni chombo cha umeme kinachozisimamisha zote.

Yaweza kupingwa kwamba urari ni neno la vitabuni, na fundi wa Kahama halihitaji. Yeye na utingo wake huelewana kwa jicho na kwa mkono. Hoja hii ina ukweli pale ambapo wafanyao kazi waonana. Lakini chini ya tangi, au nyuma ya kinu, mtu hamwoni mwenziwe, na lililobaki ni neno. Tena maelezo ya kazi yaandikwayo kwa ajili ya watu wasiokuwapo hayana jicho wala mkono. Ama kuhusu uvitabu wa neno, mizani lenyewe lilikuwa sokoni kabla ya kuingia katika ubeti. Neno lililotoka kwa mfanyabiashara likamfaa mshairi halizuiliwi kumfaa fundi.

Yafaa pia kuonya dhidi ya kubuni kupita kiasi. Jeki limekwisha kuwa la Kiswahili, na kulitafutia mbadala ni kupoteza wakati. Parafujo, lililotoka kwa Wareno, na skrubu, lililotoka kwa Waingereza, yaendelea kushindana. Bora parafujo libaki kwa chombo hiki, kwani silabi zake zakubaliana na lugha, na hesi libaki kwa mfuo uzungukao mwili wake. Hivyo zapatikana jeki ya parafujo, jeki ya mafuta na hatua ya hesi, maneno ambayo fundi aweza kuyasema bila kukwama. Watunga kamusi nao wangefanya vema kuiandika jeki kwa jinsi inavyofanya kazi, si kwa motokaa inayoinuliwa nayo tu, na kutenga katika kidahizo cha pamoja zile maana tatu zilizotajwa.

Kiswahili kimesifiwa mara nyingi kwa maneno yake ya umoja, na sifa hiyo si ya uongo. Lakini umoja ni nguvu pale tu nguvu zinapojumlishwa. Ziko kazi, na zazidi kuwa nyingi katika nchi ya migodi na reli, ambamo umoja ni kipimo, na mwenye nguvu nyingi hutakiwa kuzizuia. Lugha iliyofundisha watu kwa karne nyingi kuhesabu mizani minane na kutoiongeza wa tisa inayo tayari adabu hiyo. Kinachotakiwa ni kuitoa katika ubeti na kuiweka chini ya behewa, mahali ambapo kosa la mizani halirekebishwi kwa kalamu.